Maiki ya nje haisikiki kwenye rekoda: uliza kwanza inakula wapi

Maiki nyingi ninazoletewa hapa Mwanga, Kigoma, nikiambiwa zimekufa, hazijafa. Zina njaa. Mtu amenunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ameichomeka kwenye simu ikasikika safi, kisha kaazima rekoda aende Ujiji kumrekodi bibi yake, na mshale wa sauti hautikisiki. Huyu anasema rekoda ni mbovu, yule anasema maiki ni feki. Ukivishika vyote viwili unakuta ni vizima, ila hakuna aliyempa mwenzake chakula.

Ndani ya kichwa cha maiki hizi mna utando mwembamba na transista moja ndogo sana. Chaji ya kudumu inayofanya utando ule uhisi sauti imo humo tangu kiwandani. Ufundi huo ni wa Gerhard Sessler na James West, waliokuwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1962. Lakini transista haiamki bila umeme. Inataka volti mbili tatu hivi, na mkondo ambao kwa kawaida haufiki miliampea moja. Simu huutoa umeme huo bila kukuuliza. Rekoda nyingi husubiri uiagize.

Umeme huo maiki huupata katika njia moja kati ya tatu. Ya kwanza ni kupitia tundu lile lile dogo la milimita 3.5 unamochomeka pini; nitauita umeme wa jeki, na kwenye menyu ya rekoda utauona umeandikwa "Plug-in Power" au "Mic Power". Ya pili ni betri yake yenyewe, ile ya kidonge kama ya saa, iliyofichwa kwenye kijumba katikati ya waya. Ya tatu ni fantomu ya volti 48 inayopita kwenye tundu kubwa la matundu matatu, XLR. Kabla hujagusa kitu, ijue yako iko kundi gani. Karatasi iliyokuja nayo itakuambia, na kama karatasi imepotea, umbo la pini na kuwepo kwa kijumba cha betri vitakuambia karibu yote.

"Haiingii sauti hata kidogo"

Anza na tundu. Rekoda ina matundu mawili yanayofanana, la maiki na la hedifoni, na gizani chini ya mwembe watu hukosea. La maiki lina picha ya maiki au neno MIC. Kisha angalia rekoda inasikiliza wapi: zile kubwa zenye XLR, kama Zoom H4n, zina vitufe vya kuchagua kati ya maiki zake za juu na matundu ya chini. Usipochagua, unaweza kuchomeka maiki ya milioni moja na isisikike.

Hapo sasa washa umeme wa jeki. Kwenye Zoom H1n umo ndani ya menyu, na kwenye Tascam DR-05 vilevile. Chomeka maiki kwanza, subiri sekunde tatu nne, mara nyingine kunakuwa na mlio wa "pu" halafu sauti inapanda. Ikipanda, kazi imekwisha.

Haijapanda? Tazama pini yenyewe, hesabu mistari myeusi. Pini yenye mistari miwili ndiyo ya rekoda na kamera: ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, shina ni ardhi, yaani njia ya kurudishia umeme. Pini yenye mistari mitatu ni ya simu. Kwenye simu za sasa mpangilio wake ni kushoto, kulia, ardhi, halafu maiki ipo mwisho kabisa, kwenye shina. Ukiichomeka pini hiyo kwenye rekoda, sehemu iliyobeba sauti ya maiki inaangukia palepale rekoda inapoweka ardhi yake. Sauti yote inamezwa. Hakuna kilichoungua, hakuna cha kulehemu. Kinachotakiwa ni adapta fupi ya kutoka mistari mitatu kwenda miwili. Ukienda dukani eleza hivyo hivyo, "maiki ya simu niitumie kwenye kamera", maana kuna adapta nyingine inayofanya kinyume chake na kwa macho hazitofautiani sana. Rode wanaiita yao SC3, na ile ya kinyume SC4.

Maiki kama Boya BY-M1, ambazo zimejaa mjini, zina mistari mitatu lakini zimewekewa swichi: upande mmoja simu, upande wa pili kamera. Kwa rekoda weka upande wa kamera. Ukiiweka hapo inaanza kula betri yake ya kidonge, LR44, kwa hiyo betri isipokuwemo, au ikiwa imegeuzwa, utapata kimya kilekile. Kwenye simu ilikuwa inasikika bila betri kwa sababu simu ndiyo iliyokuwa inailisha. Hili huwachanganya watu kuliko yote, na siwalaumu.

Na zile maiki mpya zenye kichwa cha Type-C? Hizo hazitoi sauti ya waya wa kawaida, zinatoa tarakimu, na zinahitaji simu au kompyuta ya kuzisoma. Hakuna kibadilishio cha bei rahisi kitakachozifanya ziingie kwenye tundu la 3.5 la rekoda. Usimpotezee mtu pesa yake.

Kipimo cha fundi, dakika tano

Kama bado ni kimya, acha kubahatisha, pima. Chukua waya wa hedifoni mbovu wenye pini ya mistari miwili, uchune ncha zake, chomeka kwenye tundu la maiki la rekoda iliyowashwa huku umeme wa jeki ukiwa umeruhusiwa. Nyaya za hedifoni zina rangi ya varnishi juu yake. Zichome kidogo kwa kiberiti na ufute, la sivyo mita haitasoma. Mita iwe kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Ncha nyeusi kwenye ardhi, nyekundu kwenye waya wa kushoto. Unatakiwa uone volti mbili na nusu, tatu, hapo hapo. Zoom H1n hutoa 2.5. Ukiona sifuri, ama hujauwasha kwenye menyu, ama tundu limelegea, ama rekoda hiyo haitoi kabisa na itabidi utumie maiki yenye betri yake.

Umeona volti? Sasa tafuta kigawanyio cha hedifoni, kile cha pini moja matundu mawili. Tundu moja liingize maiki, la pili ule waya wako wa kupimia. Soma tena. Volti zikishuka kidogo, mathalani kutoka 2.5 hadi karibu 2, maiki inakula na nyaya zake ni nzima. Tatizo liko kwingine, pengine kwenye kiwango cha kupokelea sauti. Zikianguka hadi sifuri, nyaya zimegusana mahali, mara nyingi ndani ya pini. Zisiposhuka hata kidogo, waya umekatika na umeme haufiki kichwani. Kwa vipimo hivyo viwili unajua ufungue wapi kabla hujashika pasi ya kulehemu. Kipimo hiki hakihusu maiki inayokula betri yake.

"Inasikika, lakini kama mtu yuko chumba cha pili"

Hii ndiyo iliyonichoma mimi, na ndiyo ninayoihubiri kwa kila anayekuja.

Nilimrekodi mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyozamishwa wakati wa vita mwaka 1916, ikainuliwa 1924 na kurudi majini 1927. Saa nzima. Maiki ilikuwa kifuani pake, mshale wa rekoda ulikuwa unacheza, nikaamini. Nyumbani nikasikia kuku, mtoto akipiga ndoo, majani ya mwembe, na mbali kabisa sauti ya mzee. Pini haikuwa imezama mpaka mwisho. Rekoda nyingi hizi zina swichi ndani ya tundu: pini ikifika mwisho ndipo maiki za rekoda yenyewe hukatwa. Ikibaki nusu milimita, rekoda inaendelea kujisikiliza yenyewe, na mshale unacheza kama kawaida. Kava la silikoni la rekoda, au shingo nene ya pini, vinatosha kabisa kuizuia isizame.

Tangu siku hiyo, kabla ya kumwambia mtu "karibu, tuanze", nakwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha huku nimevaa hedifoni. Mkwaruzo ukilipuka masikioni, ni yenyewe. Halafu nakwaruza mwili wa rekoda. Ukisikika huo kwa nguvu na ule wa maiki ukiwa hafifu, unarekodi kwa maiki ya ndani.

Kama mkwaruzo unatoka kwenye maiki yenyewe lakini ni dhaifu, angalia betri ya kidonge, na angalia kama tundu limewekwa LINE badala ya MIC. LINE ni kwa ajili ya sauti iliyokwisha kukuzwa, ya mikseri au redio. Maiki ikiingia humo inabaki kunong'ona.

"Inaingia upande mmoja tu"

Maiki yenye pini ya mstari mmoja ni ya upande mmoja, itajaza kushoto na kuacha kulia tupu. Si ugonjwa. Weka rekoda kwenye mono, yaani sauti moja kwa pande zote, kama ina nafasi hiyo, au uje kunakili kushoto kwenda kulia ukiwa kwenye kompyuta. Lakini kama pini ina mistari miwili na jana pande zote zilisikika, itikise taratibu. Upande ukirudi na kupotea, ni tundu au waya.

Wengi hukwama hapa kwa sababu wana watu wawili wa kuhoji na maiki mbili. Wanachukua kigawanyio cha hedifoni. Kile nilichokisifu kwenye kupimia, hapa hakifai. Kinaunganisha matundu yote mawili pamoja, kwa hiyo maiki zinagombea sahani moja: umeme unaomtosha mmoja wanagawana wawili, zote zinadhoofika, na sauti za babu na bibi zinachanganyika moja kwa moja. Babu akikohoa juu ya neno la bibi, hakuna programu ya kuwatenganisha. Unachotaka ni kigawanyio cha kushoto na kulia, ambamo tundu moja linakwenda kwenye ncha ya pini na lingine kwenye pete. Babu anakaa kushoto, bibi kulia, kila mmoja na umeme wake. Usiamini maandishi ya pakiti. Chomeka, kwaruza maiki moja, tazama mishale. Ukipanda mmoja tu, umepata. Kama maiki zenyewe ni za simu, kila moja ipitie kwanza kwenye adapta ya mistari miwili.

"Inavuma: mmmmm"

Mvumo wa chini usiokatika ni umeme wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde. Chomoa chaja ya rekoda. Ukitoweka, basi ulikuwa unaingia kupitia chaja, na dawa ni kutumia betri au pawabenki. Inverta za sola za bei nafuu ni mbaya zaidi, zina mlio mkali juu ya mvumo. Usiupitishe waya wa maiki sambamba na waya wa umeme. Kama lazima wakutane, wakatane kama msalaba.

Jambo jingine: waya wa pini ya 3.5 hauna kinga ya kufuta kelele kama ulivyo wa XLR, ambao hubeba sauti mara mbili kinyume na kinyume ili kelele iliyoingia njiani ijifute. Mita sita za BY-M1 unaweza kuzitumia bila shida kijijini. Ukiongezea mita kumi nyingine katikati ya duka lenye friji mbili na taa za LED, umetengeneza antena.

Na ile "ti-ti-ti, dzzzz" ni simu, haina mjadala. Simu ya 2G huwasha na kuzima mitambo yake mara 217 kwa sekunde, na waya wa maiki unayapokea hayo kama sauti. Pale Kibirizi wavuvi huweka simu mfuko wa shati, palepale unapobana maiki. Mwombe mwenyeji kwa adabu, "Kaka, naomba simu tuiweke pembeni kidogo," mita mbili tatu, au aizime mtandao. Yako pia.

"Inakwaruza na kukatika"

Waya hufa sehemu mbili: sentimita chache kutoka kwenye pini, na palipo na kijumba cha betri. Shika hapo, kunja taratibu huku ukisikiliza. Ukigundua ni kwenye pini, kata sentimita tano, funga pini mpya. Kazi ya dakika ishirini kwa anayejua kulehemu. Unyevu wa ziwa nao unaweka kutu jembamba kwenye pini ambalo halionekani kwa macho. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, ingiza na kuchomoa mara kadhaa.

Mkwaruzo unaokuja mtu anapopumua au kugeuka ni nguo. Kanzu iliyopigwa wanga na kitenge kipya hulia sana. Bana maiki kwenye upindo, fanya kitanzi kidogo cha waya nyuma ya kibanio ili mvutano usifike kichwani.

"Inapasuka wakati wa ngoma"

Punguza kiwango. Kama umepunguza mpaka chini na bado mawimbi yamekatwa vichwa, basi inayozidiwa ni ile transista ndani ya maiki, na rekoda haiwezi kukusaidia. Umeme mdogo unaifanya izidiwe mapema zaidi, kwa hiyo betri iliyochoka huonekana hivi: mazungumzo safi, ngoma mbovu. Weka betri mpya na usogee mbali. Kama una maiki ya kawaida ya kushika mkononi, ya kwaya, itumie hiyo. Ile haili umeme, kwa hiyo zima umeme wa jeki. Ukiuacha, mkondo unapita kwenye koili yake bure na unaweza kuiharibia sauti.

Vipokezi vya maiki zisizo na waya navyo vina betri zao. Zima umeme wa jeki, tumia waya wa mistari miwili pande zote, shusha kiwango.

Volti 48: hapa usijaribu ili uone

Volti 48 zimetokana na Norway. Mwaka 1966 Neumann walipoandaa maiki ya KM 84 kwa redio ya taifa ya huko, NRK, studio zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, wakautumia huo. Ni umeme mzuri kwa maiki iliyojengewa. Kwa maiki ndogo ya kola inayotaka volti tatu, iliyounganishwa kwa waya mtupu wa XLR kwenda 3.5, ni hatari ya kweli. Tumia kibadilishio chenye saketi ndani yake, mfano VXLR+ ya Rode, kinachopokea volti 12 hadi 48 na kutoa tatu hadi tano. Kama huna, na maiki ina betri yake, zima fantomu kwanza, kisha ndipo uchomeke.

Fantomu pia hula betri. Maiki inayochukua miliampea 5 kwa volti 48 inahitaji wati 0.24. Rekoda ya betri mbili za AA ina volti tatu tu za kuanzia, kwa hiyo inanyonya miliampea 80 kwa kazi hiyo peke yake, kabla ya upotevu wowote. Kama maiki yako inakubali volti 24, na rekoda inakuruhusu, iweke hapo. Ukitumia betri za kuchaji, iambie rekoda kwenye menyu, maana kila moja ina volti 1.2 na si 1.5, na bila kujua hilo itakudanganya kuhusu kilichobaki.

"Ilianza vizuri, ikazima katikati"

Hiyo ni LR44. Haina taa ya kukuonya, na rekoda haijui habari zake. Yenyewe itaonyesha betri zake zimejaa huku maiki inakata roho. Wengi husahau swichi kwenye upande wa kamera siku nyingi, kidonge kinaisha polepole bila wao kujua. Mimi huirudisha swichi na hubandika vidonge viwili vya akiba kwa gundi ya karatasi ndani ya kifuniko cha mkoba.

Mwezi uliopita Ujiji bibi mmoja alikuwa akinieleza jinsi chumvi ya Uvinza ilivyokuwa ikifika sokoni alipokuwa msichana. Nikasikia kwenye hedifoni sauti yake inafifia, inakuwa nyembamba. Nikamwomba, "Bibi, nisamehe, hii imeishiwa, niilishe kidogo." Nikabadilisha kidonge, nikakwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha, ikaitika. Bibi alikuwa ananitazama mikono muda wote.

"Imeshiba?"

"Imeshiba, bibi."

"Haya. Tulikuwa tumefika wapi na ile chumvi?"